Vitunda vya rangi ya chungwa sebuleni: Mmea huu ni upi, na ulichimbwa wapi?



Ukurasa huu umezoea maswali ya malezi, ya ndoa na ya jikoni. Juma hili umefikiwa na swali la mmea, nasi tumeliona kuwa ni la kifamilia kuliko lilivyoonekana mwanzoni. Mama mmoja wa Kakonko, kule kwenye miinuko ya kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma, ametueleza kwamba sebuleni kwake kuna mmea wenye majani marefu ya kijani, uliooteshwa katika ndoo ya rangi ya lita 20, ambao kwa miaka minne haukufanya lolote ila kurefuka. Mwaka huu ukatoa ghafla mkono mrefu wa maua meupe, yaliyofumba mchana kutwa na kufunguka baada ya Magharibi, yenye harufu kali hata ikabidi madirisha yaachwe wazi mpaka baada ya Isha. Maua yakapukutika, sisimizi wakajaa, kisha vikatokea vitunda vya mviringo, ukubwa wa gololi, vya kijani kwanza na sasa vya rangi ya chungwa iliyoiva. Mwanawe wa miaka miwili alikitia kimoja kinywani, akakitafuna kidogo, akakitema.

Mama huyu anauliza mambo matatu: mmea huu ni upi, una sumu, na utunzwe vipi ili uzae tena.

Tuanze na mtoto, kwa kuwa mmea unaweza kusubiri. Kwa maelezo tuliyopewa, na kwa picha iliyotufikia, mmea huu ni ule ambao wataalamu huuita drasena, na kwa jina kamili Dracaena fragrans. Vitunda vyake si vya kuliwa. Ndani ya mmea mzima, majani na matunda, mna kemikali ziitwazo saponini, zenye kutoa povu kama la sabuni, ambazo huwasha tumbo na kuleta mate mengi, kichefuchefu na kutapika. Mtoto aliyetafuna kimoja na kukitema kwa kawaida hapati zaidi ya uchungu wa mdomo. Atolewe mabaki kinywani, asukutuliwe, anyweshwe maji kidogo kidogo, na asilazimishwe kutapika. Akianza kutapika mfululizo, au ikijulikana kwamba amemeza vingi, apelekwe kituo cha afya pamoja na tawi la mmea wenyewe, kwa sababu mganga akiuona mmea hana haja ya kubahatisha. Paka na mbwa huumia zaidi kuliko watu, na kwa kuwa paka ni mwenyeji wa nyumba zetu nyingi, tunashauri mmea huu uwekwe mahali asipofika kuyachezea majani yake.

Lakini tunasema hayo kwa sharti kwamba mmea ni huo kweli. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu sebuleni kuna mimea mingine mitatu inayofanana nao kwa mbali, na mmoja kati yake si wa kufanyiwa mzaha.

Huo ni difenbakia, wenye majani mapana yaliyopakwa madoa meupe au ya manjano na shina nene lenye majimaji. Utomvu wake umejaa chembe kali mfano wa sindano, na mtoto akitafuna jani lake ulimi na midomo huvimba pale pale, hata sauti ikapotea na pumzi ikawa taabu. Akivimba hivyo, safari ya hospitali haingoji asubuhi. Jamaa yake wa karibu, aglaonema, una majani yenye mabaka ya rangi ya fedha, ni mfupi, na huzaa vitunda vyekundu virefu kidogo vilivyobanana kwenye mhimili mmoja karibu na udongo. Nao unawasha mdomo. Wa tatu ni kordilini, wenye majani ya zambarau au mekundu, ambao hata wauza maua huuchanganya na drasena.

Njia ya kuipambanua ni rahisi, wala haihitaji chuo. Jani la drasena halina kikonyo. Hulikumbatia shina moja kwa moja, likaning'inia kwa upinde kama jani la muhindi. Ndiyo maana wauzaji wa Ulaya na Marekani huuita mmea wa mahindi, ijapokuwa hauna undugu wowote na mahindi. Jani la kordilini lina kikonyo kinachoonekana wazi. Ukifukua udongo kidogo na kukwaruza mzizi, wa drasena una rangi ya manjano inayoelekea chungwa, na wa kordilini ni mweupe. Ukipasua kitunda cha drasena unakuta mbegu moja, mbili au tatu kubwa. Cha kordilini kimejaa mbegu ndogo nyeusi. Mama wa Kakonko alikwaruza mzizi kama tulivyomwomba, na jibu likawa rangi ya chungwa.

Basi ni drasena. Na jambo la kwanza la kumwambia mwenye nyumba ni kwamba mgeni huyu wa sebuleni si mgeni. Asili yake ni misitu ya Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwamo, ambako hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa na huweza kufikia urefu wa mita 15. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliuandika katika vitabu vya mimea mwaka 1762, akauita wenye harufu nzuri kwa sababu ya maua yale yale yaliyolazimu madirisha yafunguliwe Kakonko. Tangu hapo umeingia maofisini na sebuleni dunia nzima, na uliopendwa kuliko yote ni ule wenye mstari wa manjano katikati ya jani. Wasomaji waliozoea habari za Yemen watapenda kujua kwamba mti wa damu wa kisiwa cha Sokotra, unaotoa utomvu mwekundu ambao Waarabu huuita damu ya ndugu wawili, ni wa ukoo huo huo. Huu wetu hautoi damu ya namna hiyo, na asitokee mtu wa kutuuzia kwa jina hilo.

Wapo pia wanaouza drasena kwa sifa ya kusafisha hewa. Sifa hiyo ilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambao ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko huko Marekani, walizipitia takwimu za tafiti za namna hiyo na kuona kwamba katika chumba cha kawaida mimea ya ndani haifui dafu mbele ya dirisha lililo wazi. Kwa nyumba inayopikia kuni au mkaa, dirisha ndilo la kutegemewa. Mmea ukae kwa uzuri wake.

Kuhusu kuzaa, drasena ya ndani huchanua kwa nadra, na ikichanua mara nyingi haizai, kwa sababu nyumba za nchi za baridi zimefungwa na wadudu hawaingii. Nyumba ya Kakonko yenye madirisha wazi usiku haina shida hiyo. Zaidi ya hapo, mmea huchanua ukishakomaa, na kipande kilichokatwa kutoka shina kuukuu hubeba ukomavu wake hata kikipandwa upya. Tuliliweka hili akilini tukamuuliza mama yetu swali jingine, ambalo tutalirudia baada ya mambo ya utunzaji.

Utunzaji wenyewe hauchoshi. Mmea unataka mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Karibu na dirisha la mashariki ni pazuri, penye jua la saa saba mchana majani yataungua. Chini ya ndoo pawe na matundu, kwani mizizi inayosimama ndani ya maji huoza, na wengi wanaodhani drasena yao imekufa kwa kiu wameiua kwa maji. Kidole kitumbukizwe udongoni. Kikiwa kikavu hadi pingili ya pili, mwagilia, kama kuna ubichi, ngoja. Kipindi cha ukavu, Juni hadi Septemba, miinuko ya Kakonko, Kibondo na Kasulu hupoa usiku na mmea hupunguza kunywa, hivyo mara moja kwa juma au hata kwa siku kumi yatosha. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji yenye madini ya floridi, yale yanayotia meno ya watu wa sehemu za Arusha rangi ya kahawia, huchoma ncha za majani ya drasena vivyo hivyo. Na kwa kuwa tumeusiwa kutofanya israfu ya maji hata katika udhu, hatuoni ubaya kwa nyumba inayotawadhia kwenye beseni kuyamwaga maji hayo kwenye ndoo ya mmea, maadamu hayana sabuni.

Samadi iliyooza vizuri, viganja viwili juu ya udongo mwanzoni mwa mvua, inatosha kwa mwaka. Majani yafutwe vumbi kwa kitambaa kibichi, hasa kwa nyumba zilizo kando ya barabara ya vumbi. Vikionekana vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, wafutwe kwa maji ya sabuni, baada ya siku chache irudiwe. Hatushauri dawa za shambani zinyunyiziwe chumba wanacholala watu.

Sasa turudi kwenye swali tuliloliweka. Tulimuuliza mama yetu: majani yana mstari wa manjano, au ni ya kijani tupu? Na shina chini likoje? Akajibu kwamba ni ya kijani tupu, na kwamba shina ni nene kama mkono wa mtu mzima, lina makovu mawili ya panga ya zamani. Mmea wa bustani ya miche huwa na shina jembamba lililokatwa kwa msumeno. Shina nene lenye makovu ya panga ni la shambani, na drasena ya shambani mara nyingi imesimama pale kwa kazi.

Katika miinuko mingi ya Afrika Mashariki drasena ni mmea wa mpaka. Wachagga huuita isale, wingi masale, na jina hilo limeenea hata kwa wasiokuwa Wachagga. Huko Kilimanjaro aliyekosa humpelekea isale aliyekosewa ili kuomba msamaha, na ni vigumu kuukataa. Baadhi ya wazee huuambatanisha pia na makaburi na mizimu. Hilo Muislamu huliacha lilipo. Lakini alama ya mpaka ni desturi njema isiyo na shaka. Wazee waliuchagua mmea huu kwa akili. Ukikatwa huchipua, ukipitiwa na moto wa kiangazi huchipua, hausambai ovyo kwenye shamba la jirani, mizizi yake hainyanyasi mahindi wala maharage, na majani yake ya kijani hung'aa hata pori linapokauka. Ustahimilivu huo huo wa kivuli na wa kusahauliwa ndio uliouingiza sebuleni.

Mama yetu akamuuliza mumewe, naye akakumbuka. Aliung'oa shambani kwa marehemu baba yake, upande wa Kasulu, siku ya kurudi kutoka kwenye hitma, apate kumbukumbu ya mzee. Ulikuwa kwenye pembe ya shamba, upande wa bondeni. Hakudhani kitu. Mirathi ya mzee mpaka leo haijagawanywa, na jirani wa bondeni, kwa mujibu wa shemeji zake, kila msimu analima hatua kadhaa juu ya pale alipokuwa akiishia. Haya tunayachapisha kwa ridhaa ya familia, bila majina.

Hatumlaumu mtoto aliyetamani kumbukumbu ya baba yake. Wala jirani hatumhukumu, kwani huenda naye hajui tena mwisho ulipo. Jembe hufuata linachokiona. Lakini jambo lenyewe ni zito. Katika Sahihi ya Muslim, Sayyidna Ali (Radhiya Allahu anhu) amepokea kutoka kwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kwamba miongoni mwa waliolaaniwa na Mwenyezi Mungu ni anayebadilisha alama za ardhi. Na katika Bukhari na Muslim, kwa upokezi wa Said bin Zayd, imo onyo kwa anayechukua japo shibiri moja ya ardhi kwa dhulma, kwamba atavishwa shingoni ardhi saba. Aliyeng'oa bila kujua hayumo katika nia hiyo. Akishajua na kunyamaza, hali yake inabadilika. Isitoshe, hisa za mirathi zilizobainishwa katika Suratun Nisaa haziwezi kugawanywa juu ya shamba ambalo ukingo wake haujulikani. Warithi wanawake wanapunjwa pamoja na wengine, tena bila ya yeyote kukusudia.

Ushauri wetu, basi, si kwamba mume aende usiku akaupande mmea pale anapodhani palikuwa pembe. Kufanya hivyo ni kuweka alama mpya kwa siri, na jirani atakuwa na haki ya kuipinga. Aende mchana, pamoja na warithi wenzake, amwite jirani mwenyewe kwa salamu na heshima, na wazee wawili watatu walioshuhudia shamba hilo likilimwa. Watazame kwanza ardhini. Drasena iking'olewa mara nyingi huacha kisiki, na kisiki huchipua; huenda pembe ile ina chipukizi la miaka minne lililofichwa na majani. Zitazamwe pia alama nyingine zilizobaki, maana mzee aliyepanda pembe moja hakuziacha nyingine wazi, na mstari hunyooshwa kutoka alama mbili kwenda ya tatu.

Wakikubaliana, iandikwe na kusainiwa mbele ya serikali ya kijiji. Wasipokubaliana, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Chini ya sheria hiyo hiyo familia yaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na wakati wa kupima, majirani husimama mipakani na kuonyesha. Hati ni bora kuliko mmea, hilo hatulifichi. Lakini hati hukaa kabatini, na mwenye jembe haisomi kila asubuhi.

Mama yetu ameuliza kwa masikitiko ikiwa ataupoteza mmea wake. La hasha, na hapa drasena ni karimu. Mvua zikianza vizuri, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kichwa cha mmea chenye majani kikatwe kwa kisu kikali, kikiwa na kipande cha shina cha shibiri moja, kirudishwe ndani ya ndoo yenye udongo mpya mwepesi. Baada ya majuma kadhaa kitatoa mizizi. Shina lililobaki likatwe vipande vya urefu wa mkono, upande wa juu wa kila kipande utiwe alama ya chokaa, kwa kuwa kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti. Vipande vikae kivulini siku mbili tatu vidonda vikauke, kisha vipelekwe Kasulu. Viwili vipandwe pembe moja, ili kimoja kikifa kingine kisimame.

Navyo vitunda vichumwe vyote leo, kabla mtoto hajavifikia tena. Vikamuliwe ndani ya maji, mbegu zioshwe mpaka utelezi uishe, zipandwe zingali mbichi kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, kivulini, bila kuachwa zikauke. Huchukua mwezi mmoja hadi miwili kuchomoza, nyingine zaidi. Miche itakuwa midogo mno kwa msimu huu. Kwa mvua za mwaka utakaofuata itafaa pembe zilizobaki.